Kamio (lori) imemuua mdogo wangu, PV (ripoti ya polisi) inasema "alipoteza mizani". Tutie sahihi?

Mama Makala, Katuba
Ba yaya na ba papa, hamjambo. Mimi nauza makala (mkaa) huku Katuba, Lubumbashi, Kongo. Mdogo wangu ndiye aliyeniletea kwa kinga (baiskeli) kutoka barabara ya Likasi: gunia mbili pembeni, moja juu. Ijumaa asubuhi, kumekwisha kucha, kamio ya kathodi (mabamba ya shaba) ilimpita. Mwenzake alikuwa nyuma yake na kinga yake, aliona yote. Anasema kichwa cha kamio kilimpita vizuri, nafasi ya mkono mzima. Halafu minibasi ikatokea mbele, kamio ikaanza kurudi kuume kabla trela haijamaliza kupita. Trela ikashika gunia, gunia likamvuta chini.

Kamio ilisimama mbali kule mbele. Shofere akateremka, akaangalia, akapiga simu.

PV tuliyosomewa: "mwendesha baiskeli alipoteza mizani kwa uzito wa mzigo, akaangukia chini ya gari." Mwenzake hakuulizwa hata jina. Kwenye mchoro kamio imenyooka kama rula.

Jana mtu wa wenye kamio alikuja kwenye kilio na gunia mbili za unga, bahasha, na karatasi ya baba kutia sahihi. Tukitia, kesi imekwisha? Na mzigo unaweza kumfanya marehemu awe ndiye mkosaji?

Shofere Muzee
Pole sana mama. Nimeendesha trela miaka mingi, Likasi, Kasumbalesa, Ndola. Hiyo hadithi ya mwenzake naiamini. Kichwa kikirudi kuume, trela hairudi wakati uleule. Inakuja nyuma ikikata kona kwa ndani, na mtu aliye ukingoni anabanwa kidogo kidogo kama mlango unaofungwa. Shofere anayejua kazi anahesabu mkia wake kwenye kioo kwanza, ndipo anarudi.

Sasa niambie kitu kimoja: usukani ulikuwa upande gani? Kamio zetu zina usukani kushoto, kwa sababu huku tunapita kuume, na mtu wa kinga anakuwa upande wa mbali, chini ya dirisha ambalo shofere halifikii kwa macho. Hapo mtu anaweza kusema "sikumwona", na mara nyingine ni kweli. Lakini zile za Zambia, Tanzania na Afrika Kusini usukani uko kuume, kwa sababu kwao wanapita kushoto. Huku kwetu shofere wa namna hiyo anaketi upande wa mdogo wako kabisa. Kioo kiko puani pake.

Bwana Annexe
Gunia tatu kwenye kinga, katikati ya barabara ya kamio. Samahani, lakini watu waseme ukweli.

Mama Makala, Katuba
Makala unayopikia bukari (ugali) yalikuja na ndege?

Karani wa Avoka
Mama, nafanya kazi ofisi ya avoka (wakili), siyo avoka mwenyewe. Kitabu cha makosa ya jinai, kifungu cha 52, kinasema juu ya kuua bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kukosa tahadhari. Kifungu cha 53 kinatoa miezi 3 mpaka miaka 2 ya gereza, na faini. Familia nyingi zikisikia "miaka 2" zinakasirika na kukubali bahasha. Nawaelewa.

Mzigo haufuti kosa la shofere. Jaji anaweza kuona wote wawili walikosa, akapunguza malipo, basi.

Karatasi ile ni mambo ya pesa kati yenu na wao. Haimfungi Parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), inaweza kuendelea. Lakini nimeona mafaili: familia ikinyamaza, faili linalala. Kama imeandikwa mnaachilia kila dai, baba asiguse kalamu. Asiransi (bima) ya gari ni lazima kwa sheria tangu 1973, kwa hiyo tafuta namba ya plake na ya asiransi kabla kamio haijavuka mpaka. Mpelekeni mwenzake asikilizwe Parke. Na muombe kuingia kwenye kesi kama upande unaodai malipo. Kinga iko wapi? Piga picha kabla hawajaiuza chuma.

Kijana wa Liège
Huku Ubelgiji kuna kifungu cha 29bis, tangu miaka ya 1990: gari likimgonga mtu wa baiskeli au wa miguu, asiransi ya gari inalipa maumivu na kifo bila kuuliza kwanza nani alikosa. Kosa la shofere linabaki kwa jaji, na hapo watu bado wanalalamika adhabu ni ndogo. Lakini mjane hangoji. Nilipofika nilidhani wananitania.

Mama Makala, Katuba
Nimetoka kituoni. Kinga ipo, ukutani, na viatu vyake bado vimefungwa kwenye keria. Gunia la kushoto limepasuka toka juu mpaka chini. La kuume zima, hata kamba haijalegea. Nimepiga picha.

Papa Shofere, usukani uko kuume. Plake siyo ya kwetu.

Karatasi baba ameiweka chini ya Biblia, hajatia kitu. Kesho saa mbili nampeleka mwenzake Parke kama atakubali. Anaogopa, maana siku ile yeye alikuwa na gunia nne.