Behewa la mafuta la 1865 na lile la chuma lililofuata: tangi zinakaa vipi?

Fundi_Skeli: Wakuu, natengeneza modeli mbili za mabehewa ya mafuta ya Pennsylvania: lile la ndugu Densmore la 1865, na la chuma lililokuja miaka michache baadaye. Tangi mbili za mbao zikae wapi? Na kile kikuba juu ya tangi la chuma ni mlango tu?

Mzee wa Reli: Zisimamishe wima, kila moja juu ya bogi yake (seti ya magurudumu chini ya ncha ya behewa), katikati pabaki wazi. Kila tangi lilibeba mapipa 40 hadi 45 ya galoni 42. Chukua 45: behewa zima ni galoni 3,780, karibu lita 14,300, yaani mafuta peke yake tani 11 na ushee. Fremu ni ya mbao. Mzigo huo ukiuweka katikati, inalegea na kubonyea. Chora mikanda ya chuma kuzunguka mbao, na madoa pia usiyaogope. Maji huvimbisha mbao na kuziba nyufa, mafuta hayafanyi hivyo, kwa hiyo zilivuja.

ribiti_moto: Kuba si mlango tu, ingawa mtu aliingilia humo. Mafuta ghafi yakipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kama asilimia 1.8. Kwa galoni zako 3,780 hiyo ni galoni 68 hivi. Tangi likijazwa hadi kwenye kuba, ongezeko linapandia humo. Bila nafasi hiyo, maungio ya ribiti ndiyo yangeumia. Baadaye Marekani ilikuja kuweka kanuni: ujazo wa kuba usipungue asilimia 2 ya ujazo wa tangi.

Fundi_Skeli: Shukrani. Basi mikanda ya juu ya tangi la chuma nikiikaza vizuri inatosha kulishika?

Mzee wa Reli: Haitoshi, na modeli nyingi zinakosea hapo. Mkanda unazuia tangi lisiruke wala kubingirika. Breki zikishikwa, mafuta yanasukuma kwa mbele na tangi linateleza juu ya vikalio vyake. Weka magogo mazito kwenye ncha zote mbili za fremu, yabane vichwa vya tangi.

ribiti_moto: Usisahau fito ya vali: inashuka kutoka kwenye kuba hadi tundu la kutolea mafuta chini. Vali yenyewe iko ndani, kwa hiyo bomba la nje likikatika behewa linapoanguka, mafuta hayamwagiki.