Muuzaji anadai hifadhidata yake ni kasi mara 5 kuliko PostgreSQL: nianze kumhoji wapi?

Swali
Habari wadau. Tunachagua hifadhidata ya mfumo wa malipo. Muuzaji wa programu ya chanzo funge katuletea grafu: miamala kwa sekunde, yeye anaipita PostgreSQL (hifadhidata ya chanzo huria) mara 5. Halafu leseni yake inakataza kuchapisha vipimo bila ruhusa yake. Hili ni jambo la kawaida?

Jibu 1
La kawaida, kwa bahati mbaya. Katazo hilo huitwa kifungu cha DeWitt, kutokana na David DeWitt wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Vipimo alivyochapisha miaka ya 1980 viliionyesha hifadhidata ya kampuni ya Oracle ikienda polepole, na kampuni hiyo ikaweka marufuku kwenye leseni. Kwa hiyo namba unazoziona hadharani ni zile muuzaji alizoridhia. Soma leseni vizuri: mara nyingi kinachozuiwa ni kutangaza matokeo, si kupima kwa matumizi yako ya ndani.

Jibu 2
Dai faili ya usanidi wa PostgreSQL iliyotumika. Ukikuta shared_buffers (RAM inayotengewa kuhifadhi data kwa muda) ni 128MB, hawakugusa kitu. Hiyo ndiyo thamani inayokuja nayo. Seva ya RAM 64GB huanzishwa na robo ya RAM hiyo, yaani 16GB.

Kubwa zaidi: je, kila muamala ulisubiri kuandikwa diskini kabla mteja hajajibiwa? Programu inayojibu "tayari" wakati data ingali kwenye RAM itashinda mashindano yote, na umeme ukikatika, malipo yaliyokwisha kuthibitishwa yanapotea. Kwa mfumo wa malipo, hilo halikubaliki hata kidogo. Na chanzo huria si kinga: PostgreSQL yenye synchronous_commit=off (isiyosubiri diski kabla ya kujibu) nayo inapaa. Tofauti ni kwamba hapo unaweza kukagua.

Jibu 3
Pima mwenyewe kwa pgbench, programu ya kupimia inayokuja na PostgreSQL na inayoiga miamala ya benki. Iendeshe kwenye mashine nyingine, isigombanie CPU na seva.

pgbench -i -s 10000 majaribio
pgbench -c 32 -j 8 -T 3600 -P 10 -l majaribio

-s ni ukubwa wa data: -s 10000 ni akaunti bilioni 1, takriban GB 150, hivyo data haienei kwenye RAM. Ukiacha -s 1, jedwali la matawi lina safu moja tu. Wateja wote 32 wa kuigiza (-c 32) wanapanga foleni kuibadilisha, na unapima foleni. Usipime dakika moja: checkpoint_timeout (muda kati ya umiminaji mmoja wa data diskini na mwingine) kwa kawaida ni dakika 5, na kasi hushuka kurasa zilizobadilika zinapomiminwa diskini. -l huandika muda wa kila muamala. Tazama asilimia 1 iliyochelewa zaidi, wastani huificha.

Muuliza swali
Na kama miamala yetu haifanani na ya pgbench?

Jibu 3
Andika SQL yenu kwenye faili, kisha ongeza -f malipo.sql kwenye amri ya pili ya pgbench. Maswali hayohayo yaendeshe kwenye hifadhidata ya muuzaji, kwenye mashine ileile.