Theluji ya Novemba huko Colorado: je, ikiwa chache haiporomoki?

Mjukuu wa Kibosho

Salaam ndugu zangu. Huu ni mwaka wangu wa nne Denver, na msimu huu nimenunua skii za kupandia mlima ili niepukane na foleni na bei za vituo vya skii. Jumamosi ijayo mimi na rafiki yangu tunakusudia kwenda Berthoud Pass, ambako barabara yenyewe hufika mita 3,446, kisha tupande kwa nguvu zetu kutoka hapo. Nilipopita juzi niliona kwamba miteremko inayotazama kusini bado ni majani na mawe matupu, ilhali ile ya kaskazini ina theluji ya kufika magotini iliyosalia tangu Oktoba. Utabiri unaonyesha kwamba kuanzia Jumatano usiku itaanguka theluji nyingi ikiandamana na upepo. Rafiki yangu anashikilia kwamba maporomoko ya theluji ni mambo ya Februari na Machi, na kwamba mapema hivi cha kuogopa ni mawe ya kukwaruza skii tu. Mimi nimekulia chini ya Kibo, theluji nikiitazama kwa mbali kila asubuhi, kwa hiyo sina elimu ya kumbishia. Asemayo ni kweli?

Mzee wa Skii

Karibu, mjukuu. Rafiki yako amesema kweli kuhusu mawe tu, basi.

Theluji chache ndiyo inayoharibika upesi. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na nyuzi 0, lakini usiku wa Novemba wenye anga safi uso wa theluji unaweza kushuka hadi nyuzi 15 chini ya sifuri. Ikiwa kina chake ni sentimita 40, tofauti hiyo ya joto imebanwa katika nafasi ndogo sana, karibu nyuzi 4 kwa kila sentimita 10, na kwa kawaida nyuzi 1 tu kwa kila sentimita 10 inatosha kuanza kuigeuza. Mvuke hupanda kutoka chini, na chembe zilizokuwa zimeshikana huwa punje kubwa zenye pembe, zisizoshikana kabisa. Ukizichota mkononi humwagika kama sukari, na ndiyo maana wenyeji wa milima hii huiita theluji ya sukari. Kama kina kingekuwa mita 2, tofauti ileile ya joto isingefika hata nyuzi 1 kwa sentimita 10, na theluji ingeendelea kujishikiza.

Sasa fikiria dhoruba ya Jumatano. Upande wa kusini theluji mpya itaangukia ardhi tupu, lakini upande wa kaskazini itatandazwa juu ya sukari hiyo isiyoweza kuishikilia. Tena upepo wetu hutoka zaidi magharibi, hivyo huzoa theluji na kuilundika upande wa mashariki na kaskazini-mashariki wa vigongo, mle mle ambamo kivuli kimeihifadhi theluji ya Oktoba. Penye theluji ya kutosha kuteleza ndipo penye hatari, na hilo ndilo linalowaponza watu wenye hamu ya siku za kwanza. Katika majira ya baridi ya 2020 hadi 2021, ambayo nayo yalianza na theluji dhaifu ya namna hii, watu 12 walifariki katika maporomoko hapa Colorado, na 37 katika Marekani nzima.

Zuhura, Salt Lake City

Shikamoo mzee. Ninaongeza jambo moja nililolipata mwenyewe huku Utah. Nilikuwa nikivuka uwanda ulio karibu tambarare, nikasikia mlio mzito chini ya skii, kama mlango wa ghala unaofungwa mbali, na theluji yote ikashuka kidogo kwa pamoja. Nilidhani ni theluji inatulia tu. Niliyekuwa naye alinieleza kwamba tabaka dhaifu limevunjika, na kwamba mvunjiko huo unaweza kusafiri hadi kwenye mteremko ulio juu yetu ukauporomosha sisi tukiwa chini yake. Ukisikia mlio huo, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya skii, geuka urudi papo hapo.

Fundi Redio

Je, kuchimba shimo kwenye theluji na kupima uimara wake hakutoshi? Katika mafunzo tulikata safu ya sentimita 90 kwa 30 na kuigonga kwa beleshi mara 30, kumi kwa kifundo cha mkono peke yake, kumi kwa mkono hadi kwenye kisugudi, kumi kwa mkono mzima. Safu ikikataa kuvunjika si ishara njema?

Mzee wa Skii

Ni ishara ya pale ulipochimba. Mwanzoni mwa msimu kina hubadilika kila hatua chache kwa sababu ya mawe na vichaka, na mita 10 kando ya shimo lako unaweza kukanyaga penye sentimita 30 tu za theluji na kuamsha mteremko mzima. Kipimo kibaya nakiamini mara moja. Kizuri hakinipi ruhusa.

Mjukuu, soma taarifa ya Colorado Avalanche Information Center, kituo kinachotabiri maporomoko hapa jimboni, asubuhi ya safari, wala usidhani kwamba daraja la hatari la 3 kati ya 5 ni la katikati, kwani sehemu kubwa ya vifo hutokea siku hizo. Kaeni kwenye miteremko ambayo mwinamo wake haufiki nyuzi 30, mkihakikisha kwamba hakuna mkali zaidi unaowaning'inia juu. Kila mmoja awe na redio ya kutafutana, inayotoa mawimbi ili aliyefukiwa apatikane, fimbo ndefu ya kupenyeza kwenye theluji kumtafutia, na beleshi, na simu ikae mbali na redio hiyo sentimita 20 mnapotembea, 50 mnapotafuta. Aliyefukiwa akikosa kutolewa ndani ya dakika 10 au 15, matumaini hupungua haraka, na kwa hiyo mwokozi wake ni wewe uliye naye.

Mjukuu wa Kibosho

Ahsanteni sana. Nimemsomea rafiki yangu hadi neno la mwisho. Ana redio, lakini beleshi hakuwa nalo, akisema litamlemea. Tumekubaliana kwamba Jumamosi tutakwenda kwenye barabara ya msituni iliyo chini, isiyo na mteremko juu yake, tukafanye zoezi la kutafutana mpaka tuzoee, na kigongo cha kaskazini tumekiacha.

Zuhura, Salt Lake City

Ficheni redio moja ndani ya mfuko, mwenzako asione unapoufukia. Na beleshi liwe la chuma. La plastiki huvunjika kwenye theluji iliyoporomoka, kwa sababu ikisimama tu hukakamaa.