Msomi anapotoa hukumu kuhusu kila jambo, tumpimeje?

Mwalimu, Kondele, Kisumu
Ndugu zangu, mwanangu aliye chuoni hushinda akisikiliza mahojiano ya Jordan Peterson, mwanasaikolojia wa Kanada aliyepata umaarufu mwaka 2016 alipopinga mswada wa sheria uitwao C-16, uliohusu haki za watu kwa misingi ya utambulisho wa kijinsia, akiwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Toronto. Sitaki kumdhulumu mtu huyo, kwa maana tangu kijana aanze kumsikiliza, anaamka mapema na vitabu anavisoma. Linaloninyima usingizi ni kwamba mwanasaikolojia huyohuyo huzungumzia tabianchi, lishe na maandiko matakatifu, na mwanangu huyapokea yote kwa uzito mmoja. Nikihoji, huniambia kwamba wanaompinga wanauogopa ukweli. Nizungumze naye vipi bila kumfunga mdomo?

Muuza dawa za mifugo, Njoro
Mwalimu, nakueleza niliyoyaona dukani. Mwaka 2021 Bret Weinstein, mwanabiolojia wa Marekani aliyeacha kufundisha Evergreen State College mwaka 2017, aliwaambia wasikilizaji wake wengi kwamba ivamektini, dawa ya minyoo, inakinga na kutibu korona. Maneno ya aina hiyo yalifika hadi huku kwa simu, na watu wakaja kuniulizia ile tunayowachoma ng'ombe. Mmoja alitaka kujua kipimo cha mamake mzazi. Nilikataa kumuuzia, akaondoka kwa hasira.

Dawa yenyewe ina heshima yake. William Campbell na Satoshi Ōmura, walioivumbua, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa sababu imewaokoa watu wengi na minyoo inayosababisha upofu. Hata hivyo, jaribio kubwa lililofanywa Brazili na kuchapishwa mwaka 2022 halikuona kwamba inawapunguzia wagonjwa wa korona haja ya kulazwa, naye Weinstein aliendelea kuitetea. Mimi humpima msomi siku hiyo ya matokeo, wala si siku anapozungumza vizuri.

Mstaafu wa maabara, Kakamega
Naongeza kwamba jambo hili ni kongwe kuliko intaneti. Linus Pauling, mwanakemia wa Marekani, alipata Nobel ya kemia mwaka 1954 na ya amani mwaka 1962, kisha akaanza kuwahimiza watu wameze vitamini C kwa wingi dhidi ya mafua, na baadaye dhidi ya saratani. Majaribio ya Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, yaliyochapishwa mwaka 1979 na 1985 hayakuona faida yoyote kwa wagonjwa wa saratani, lakini alishikilia msimamo wake hadi alipofariki mwaka 1994. Alipozungumzia kemia, alikuwa akizungumza mbele ya wanakemia walioweza kumkatiza. Alipoingia kwenye tiba, wengi waliomsikiliza walikuwa watu waliokwisha kumpenda. Leo hali ni nzito zaidi, kwa kuwa wapenzi hao ndio wanaomlipa mzungumzaji kila mwezi, na kukiri kosa mbele yao kunaweza kumpunguzia riziki.

Msikilizaji, Milimani, Kisumu
Wazee wangu, kwa heshima zote, mimi ni mmoja wa vijana hao. Shirika la Afya Duniani nalo lilikosea: mwanzoni mwa 2020 halikuwashauri watu wote wavae barakoa, kisha mwezi wa Juni likabadilisha ushauri. Kwa nini tuamini shirika hilo na tumshuku mtu aliyekaa nasi kwa muda wa saa 3 akizungumza nasi kama watu wazima? Wengi wetu hatujawahi kupewa saa hizo na mwalimu yeyote.

Muuza dawa za mifugo, Njoro
Mwanangu, umesema kweli kuhusu saa hizo, na lawama hiyo naipokea kama mzazi. Kuhusu barakoa, wewe mwenyewe umetaja mwezi ambao ushauri ulibadilishwa hadharani. Nitajie mwezi ambao msomi wako alifanya hivyo.

Mwalimu, Kondele, Kisumu
Nimewasoma nyote, na swali hilo la mwisho nitalibeba. Jumamosi nitaketi na mwanangu tusikilize mahojiano mazima, yeye achague dai moja lililo nje ya saikolojia, kisha tutafute pamoja wanaofanya kazi hiyo wanasemaje. Muda huo wa saa 3 nitampa.