Tupeane uzoefu: mvua za masika zinaifanya nini ardhi ya kwenu?

Mteremko (Bududa)

Ndugu zangu, kwa wenzetu wa Ulaya Machi hadi Mei ni majira ya kuchipua, wanangoja joto lirudi. Sisi Uganda tunangoja mvua, na ikishashuka nchi inageuka sura ndani ya wiki mbili. Naomba kila mmoja aeleze anachokiona pale anapoishi. Utabiri wa redio tunao; leta ulichokikanyaga kwa miguu yako.

Nianze mimi. Nimezaliwa kwenye mteremko wa Mlima Elgon. Mvua za kwanza zikipita, baada ya kama wiki moja hivi mibuni inachanua. Unafungua mlango alfajiri, shamba lote jeupe, na harufu ni kama ya asumini. Siku chache tu maua yananyauka. Mama yangu siku hizo hapendi tupite shambani ovyo, anasema tutaangusha ada ya shule.

Lakini mvua hiyo hiyo ndiyo iliyotuua. Jioni ya Machi 1, 2010, ubavu wa mlima ulikatika ukaifunika Nametsi: nyumba, soko, na kituo cha afya ambamo watu walikuwa wamejikinga mvua. Miili iliyopatikana ilikuwa kama mia moja, na mamia wengine wamo humo udongoni hadi leo. Nilikuwa praimari ya sita, ng'ambo ya bonde. Nilisikia mngurumo nikadhani ni radi, ila radi hukoma. Ule haukukoma.

Tangu hapo, masika ikianza nazunguka nyuma ya nyumba kila asubuhi. Natafuta ufa kwenye ardhi. Natazama mti uliokuwa wima sasa unainama, chemchemi inayotoka mahali ambapo haikuwahi kutoka, maji ya kijito yaliyochafuka ghafla bila sababu. Udongo wetu ni mzito, unanyonya maji kama sifongo, na ufa ni mlango wa maji kuingia chini kabisa. Nikikuta ufa napigilia vigingi viwili, kimoja kila upande, nafunga kamba ya urefu ule ule na kuweka fundo. Fundo likiachana na kigingi, najua ardhi inatembea. Napima kwa vidole.

Nimepanda mringaringa katikati ya mibuni, mizizi yake inashika. Najua mti peke yake hauzuii mlima. Lakini pale jirani alipong'oa miti yote apande kabichi, ndipo panapoanza kupasuka kila mwaka.

Mhamiaji wa Kiryandongo

Ndugu yangu Mteremko, mimi ni mmoja wa tuliohamishwa baada ya Nametsi tukaletwa huku Kiryandongo. Huku ni tambarare, mahindi yanakubali, hakuna kitu cha kukuangukia. Miaka imepita, lakini mvua ya usiku ikipiga bati mimi bado naamka, navaa viatu, nakaa kitandani hadi iishe. Mke wangu ni mwenyeji wa huku, alikuwa akishangaa. Siku hizi anaamka na yeye, anachemsha chai.

Jjajja wa Mukono

Poleni sana, wanangu. Kwetu Buganda masika hii inaitwa Toggo. Wazee waliipa miezi majina kwa kutazama shamba: Februari ni Mukutulansanja, kukata majani makavu ya migomba, Machi ni Mugulansigo, kununua mbegu, Aprili ni Kafuumuulampawu, kuwafukuza mpawu, ambao ni aina ya kumbikumbi. Ukiyasikia majina hayo umeshajua kazi ya mwezi.

Nikiwa msichana tulikaa kando ya kichuguu tukigonga vijiti viwili taratibu, kumbikumbi wakidhani ni matone ya mvua wanatoka. Siku hizi mwezi unaitwa Mugulansigo lakini mvua inaweza kuja ya kudanganya: inanyesha siku tatu, tunapanda maharage, halafu jua wiki mbili na mbegu inaoza. Mimi sasa napanda kwa mafungu mawili, nusu mvua ya kwanza, nusu baadaye.

Dereva wa Matoke

Mwezi Mei 2023 nilikuwa natoka Mbarara na lori la matoke kwenda Kampala. Nikafika Masaka, tukaambiwa rudini, maji yamekata barabara pale Katonga. Ile barabara ndiyo kila kitu cha magharibi, Rwanda na Kongo vinapita pale. Tukazungushwa Sembabule, Gomba hadi Mpigi. Malori makubwa kwenye barabara ya pembeni, mvua juu, mashimo chini, nililala njiani usiku mbili na mzigo ukaanza kuiva.

Lwera naijua tangu nikiwa utingo. Pale, karibu na Katonga, ni kinamasi cha mafunjo, maji lazima yapite kuelekea ziwani. Watu wamechimba mchanga, wamejaza udongo, wamelima mpunga. Maji yakinyimwa njia yanachukua lami.

Mvuvi wa Ggaba

Na sisi wa ziwani msitusahau. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita ile rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayoanguka juu yake lenyewe, kwa hiyo mvua za mwisho wa 2019 zilipofuatiwa na masika nzito, halikuwa na pa kwenda. Meza niliyokuwa nauzia samaki niliiona ikielea. Aprili ile visiwa vya mafunjo viling'oka vikasafiri, kimoja kikaziba mitambo ya umeme Jinja na nchi nzima ikawa gizani.

Binti Kasese

Kwetu Mto Nyamwamba haushushi maji tu, unashusha mawe makubwa kuliko gari. 2013 na tena 2020, mwezi ule ule wa Mei. Mahali tulipokuwa tunafulia nguo sasa ni uwanja wa mawe meupe.

Mwalimu wa Kaabong

Karamoja tuna msimu mmoja tu. Ukanda wa mvua unalifuata jua kwenda kaskazini. Ninyi wa kusini unawapita mara mbili kwa mwaka, sisi mvua yetu inaungana kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, tena kwa kukatikakatika.

Mito yetu ni mchanga mtupu. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha huku nilikuwa navuka mmoja saa kumi jioni, mbingu safi kabisa juu yangu. Mzee mmoja wa ng'ombe akanipigia kelele kwa lugha ambayo sikuielewa, ila mikono yake niliielewa. Nilipopanda ukingo, maji yakaja na magogo, kahawia, kama ukuta. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali. Mzee huyo ninampelekea tumbaku hadi leo.

Lakini baada ya hapo majani yanatoka, ng'ombe wanarudi nyumbani kutoka walikohamia kiangazi, na wanafunzi wangu wanakuja darasani na midomo ina maziwa. Mtama unapandwa. Siwezi kuieleza furaha hiyo kwa mtu wa Kampala.

Jjajja wa Mukono

Mteremko, mwanangu, hujatuambia. Kamba ikoje mwaka huu?

Mteremko (Bududa)

Jjajja, nimetoka kuipima. Jumatatu ilikuwa kidole kimoja, leo vidole viwili na mvua bado inanyesha. Watoto wameshapeleka magodoro kwa shangazi, upande ule wa tambarare. Mimi namalizia kuhamisha mbuzi.