Dada anahema baada ya dripu ya tatu ya saratani ya titi: asubiri kliniki?

Swali, kutoka Mafinga

Habari zenu wanajukwaa. Dada yangu, mwenye umri wa miaka 58 na presha ya siku nyingi, anatibiwa saratani ya titi Dar es Salaam, na sasa yuko nyumbani Uyole akisubiri mzunguko wa nne wa dripu ile nyekundu. Tangu wiki iliyopita anahema akitoka bombani na ndoo ndogo, soksi zinamwachia alama nzito juu ya vifundo vya miguu, na usiku hawezi kulala bila mito miwili. Majirani wanasema ni upungufu wa damu. Je, asubiri tarehe yake?

Jibu la 1

Pole sana. Asisubiri, na wala asipandishwe basi la Dar akiwa katika hali hiyo, kwani ni safari ya zaidi ya kilomita 800. Apelekwe leo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na aseme mapema kwamba anapewa doksorubisini, yaani hiyo dripu nyekundu. Dawa hiyo huweza kudhoofisha misuli ya moyo, na madhara yake hujilimbikiza dozi baada ya dozi. Mizunguko minne ya kawaida hufikia miligramu 240 kwa kila mita ya mraba ya mwili, ilhali ikifika 400 takriban wagonjwa 5 kati ya 100 hupata moyo kushindwa kufanya kazi. Mwenye presha, hata hivyo, anaweza kufikwa mapema zaidi. Majirani hawakukosea kabisa, maana upungufu wa damu nao humfanya mtu aheme, lakini miguu kuvimba pamoja na kushindwa kulala chali hunifanya niufikirie moyo kwanza. Apimwe wingi wa damu, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti). Pumzi ikikata ghafla, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, huenda damu imeganda, na hiyo ni dharura.

Jibu la 2, kutoka Iringa

Mimi moyo ulilegea nikiwa kwenye trastuzumabu, dawa nyingine ya saratani ya titi, iliyofuata baada ya dripu nyekundu. Eko ya kila miezi mitatu ndiyo iliyoonyesha, kwani sikuwa nimehisi lolote. Dawa ilisimamishwa kwa muda, nikapewa vidonge vya moyo, kisha nikaendelea.

Muuliza swali

Asanteni, shemeji anampeleka sasa hivi. Vidonge vya presha aviache?

Jibu la 1

Asiviache, wala asijikatie mwenyewe matibabu ya saratani; daktari wa Mbeya awasiliane na wa Dar kabla ya dripu ijayo. Ombeni nakala ya majibu ya eko, na kama alipimwa kabla ya kuanza dawa, chukueni na karatasi ile ya kwanza ili walinganishe.