Vitz inatetemeka asubuhi ikiwa baridi, ikipata moto inatulia: nianze na koili, nozo, throto au plagi?

Binti wa Kimara

Wakuu habari za jioni. Nina Vitz ya 2006, cc 1300, piston nne. Shida yake ni ya asubuhi tu. Nikiiwasha baada ya kulala usiku kucha inashika mara moja, ila silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) haitulii. Mshale wa RPM (kasi ya injini) unapanda na kushuka, bodi lote linatikisika mpaka kioo cha pembeni kinacheza. Nikiweka D hapo hapo ili nitoke getini, inataka kuzima. Nikifika Ubungo imeshakuwa safi kabisa, utadhani si yenyewe. Taa ya injini haijawaka.

Nimepita kwa mafundi watatu, nimepewa majibu matatu. Wa kwanza anataka koili zote nne (zinazopeleka umeme kwenye plagi) zibadilishwe. Wa pili anasema nozo (zinazopuliza petroli) zioshwe kwa mashine. Wa tatu anasema throto (mlango wa hewa ya injini) imejaa uchafu, aisafishe na kuweka plagi mpya. Wote wameiona mchana. Pesa ya kufanya yote kwa mpigo sina, na gari ndiyo inanipeleka kazini. Mngekuwa nyie mngeanza na lipi?

Fundi Tegeta

Pole dada. Kabla hujatoa hata shilingi, angalia hilo jambo ulilolisema kwa kupita: wote wameiona mchana. Umetoka Kimara, umekaa kwenye foleni, ukifika gereji injini imeshachemka na ugonjwa umejificha. Hapo fundi anakisia. Ugonjwa wa baridi unapimwa kwenye baridi. Ama gari ilale gereji, ama fundi aje kwako alfajiri kabla hujagusa ufunguo.

Kwa nini inatulia ikipata moto? Injini ikiwa baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, nyingine inabaki majimaji kwenye kuta za manifoldi (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini). Kompyuta inajua hilo kupitia sensa ya joto la maji, kwa hiyo inaongeza mafuta na kupandisha silensa. Muda huo sensa ya oksijeni kwenye ekzosi bado ni baridi na haitoi taarifa, hivyo kompyuta inapima mafuta kwa hesabu iliyokaririshwa kiwandani. Kukiwa na mpira wa vakiumu uliopasuka unaovuta hewa ya pembeni, au nozo moja inayopitisha kidogo, au throto yenye masizi, utaisikia hapo. Sensa ya oksijeni ikishaamka, kompyuta inasahihisha na gari inatulia. Haijapona, kasoro imefunikwa tu.

Sasa kwenye kulinganisha. Koili mbovu mara nyingi inazidi ikipata moto au ukikanyaga mafuta mlimani, kwako ni kinyume. Siiondoi kabisa, maana koili yenye ufa ikipata unyevu inavujisha umeme pembeni, lakini zote nne kufa kwa pamoja sijawahi kuona. Nozo zinawezekana, ila ndiyo kazi ya gharama kati ya hizo, isiwe ya kwanza. Throto ni kazi ya muda mfupi na dawa ya kopo. Plagi ni rahisi zaidi, na kuzifungua peke yake ni kipimo, hata kama hutanunua mpya.

Nijibu haya: maji ya rejeta yanapungua? Asubuhi kuna moshi mweupe? Kuna harufu ya petroli mbichi nyuma? Na ile taa ya bluu kwenye dashibodi inachukua muda gani kuzima?

Mnjombe Mjini

Niongeze kitu kwa wanaosema "ni baridi tu, zoea". Huku kwetu Njombe gari inaamka kwenye baridi kali kweli, na injini isiyo na ugonjwa inatulia yenyewe bila shida. Dar hata Julai alfajiri ni nyuzi 19 au 20 hivi. Gari inayotetemeka kwenye joto hilo inaumwa. Kupandisha silensa kwa muda ni kawaida, mshale kukaa juu kidogo ya 1,000 halafu kushuka taratibu. Kucheza juu chini si kawaida.

Dereva wa IST

Mimi IST yangu ilikuwa hivyo hivyo, na ilikuwa koili. Moja tu. Tofauti ni kwamba yangu ilianza wakati wa masika na taa ya injini ilikuwa inapepesa. Fundi alisoma kodi ya hitilafu kwa mashine ikatoka P0303, yaani piston ya tatu haichomi. Akahamisha koili ya tatu akaiweka ya kwanza, kodi ikahamia P0301. Hapo ndipo nikanunua koili moja, si nne.

Na wengine mjue: taa ya injini ikipepesa, usiendelee kukanyaga. Petroli isiyochomwa inaenda kuungulia kwenye kataliti (kisafisha moshi kwenye ekzosi) na kuiharibu.

Mama Spea

Nauza spea za Toyota, nisemee upande wangu. Koili za mtumba kutoka Japani zipo na nyingi ni nzima, lakini hakikisha muuzaji anakubali ukirudi nayo. Plagi za mtumba usinunue kabisa. Na plagi mpya kuwa macho sana, za bandia Kariakoo ni nyingi na boksi linafanana. Shika mkononi uangalie: plagi ya iridiamu ya kweli ina ncha nyembamba ya katikati, maandishi kwenye kauri ni safi hayafutiki kwa kucha, na nyuzi zake zimekatwa sawasawa. Ukiona ya iridiamu inauzwa bei ya plagi ya kawaida, iache dukani.

Kijana wa Mbagala

Mimi naanza na mafuta. Badilisha kituo kwanza. Petroli ikichanganywa na mafuta ya taa injini inasumbua asubuhi.

Fundi Tegeta

Kijana, hoja yako ina msingi, mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi kwa hiyo injini baridi inateseka. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa) kwenye mafuta 2010 kwa sababu ya mchezo huo. Lakini mafuta mabaya yangeanza ghafla baada ya kujaza tenki na yangeisha baada ya tenki mbili tatu. Dada, imeanza lini?

Binti wa Kimara

Asanteni sana. Ilianza taratibu, ikawa inazidi kila mwezi, na vituo nimebadilisha. Maji ya rejeta hayapungui, moshi mweupe hakuna. Harufu ya petroli asubuhi ipo, hata mdogo wangu alishalalamika.

Taa ya bluu ndiyo imenishtua. Sikuwa naitilia maanani. Leo nimeiangalia: imekaa karibu mpaka Ubungo. Halafu Jumapili barabara ikiwa nyeupe, nikienda Bagamoyo Road, inazima, nikikimbia inawaka tena. Nilidhani bluu maana yake ni salama.

Fundi Tegeta

Bluu maana yake injini bado baridi. Kuwaka tena ukiwa unakimbia ni dalili kubwa. Nina shaka gari hiyo haina themostati.

Huu mtindo upo sana mjini. Gari ikichemsha mara moja, fundi anang'oa themostati anasema "Dar joto, haina kazi". Kazi inayo. Inafunga njia ya maji mpaka yafike nyuzi 80 na kidogo, ndipo inafungua. Ukiing'oa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unawasha. Ukiwa kwenye foleni hutajua, ila ukikimbia upepo unapooza injini kuliko inavyotakiwa. Kompyuta inaona baridi, inaendelea kuongeza mafuta. Mafuta ya ziada yanapaka plagi masizi, na plagi yenye masizi ndiyo inakataa kuchoma vizuri kesho asubuhi. Ndiyo maana imezidi taratibu.

Fundi afungue plagi zote nne, azipange kwa mpangilio wa piston, uzipige picha utuletee. Apime na sensa ya joto la maji kwa mita. Sensa hizi za Toyota kwenye nyuzi 20 husoma kama kilo-omu 2 hadi 3, na kwenye nyuzi 80 hushuka hadi karibu 0.3. Sensa ikidanganya kwamba injini ni baridi wakati ni ya moto, matokeo yanafanana na ya kukosa themostati, kwa hiyo vipimwe vyote viwili.

Baba Passo

Samahani naingilia, Passo yangu ya cc 1000 nayo inatetemeka, ila asubuhi na jioni, nikiwa D nimekanyaga breki kwenye taa. Ni hili hili?

Dereva wa IST

Yako tofauti mkuu. Hiyo ni piston tatu, kutetemeka kidogo ni asili yake. Angalia mshale wa RPM: bodi likitikisika na mshale umetulia, kagua mauntini (mipira inayoshikilia injini). Mshale ukicheza ndipo uzungumzie plagi.

Binti wa Kimara

Nimerudi. Fundi alikuja nyumbani kabla ya saa kumi na mbili. Mashine aliyokuja nayo ilikataa kuongea na gari, anasema hizi za soko la Japani za miaka hiyo vifaa vingi vya bei rahisi havizisomi, kwa hiyo akafanya kwa mikono.

Themostati haipo. Nyumba yake ni tupu kabisa. Sensa ya maji ni nzima. Plagi ya kwanza, ya pili na ya nne ni nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Ya tatu ni nyeusi pia, ila shimo lake lina oili mpaka mpira wa koili umelowa na kuvimba. Mipira ya vakiumu aliipulizia maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma, silensa haikubadilika. Throto ina utando mweusi ukingoni.

Sasa themostati kwanza, au hilo la oili?

Mama Spea

Oili kwenye shimo la plagi ni gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) imechoka. Nunua seti yenye mipira ya mashimo ya plagi, si ule mzunguko wa nje peke yake. Na ule mpira wa chini ya koili unauzwa wenyewe, huhitaji koili nzima kama koili yenyewe haina ufa.

Fundi Tegeta

Hapo nakubaliana na Mama Spea moja kwa moja. Mpira uliolowa oili unaruhusu umeme kuruka pembeni, na piston ya tatu ndiyo pengine inayotikisa kioo chako. Fanya kwa mkupuo mmoja kwa sababu ni fungua-funga ile ile: gasketi ya tapeti kava, mpira wa koili ya tatu, plagi nne mpya. Throto isafishwe siku hiyo hiyo. Kama ni ya umeme, fundi asisukume kile kisahani kwa kidole. Baada ya hapo silensa inaweza kuyumba siku ya kwanza mpaka kompyuta ijifunze upya, usiogope.

Themostati usiiache kwa mwezi ujao, la sivyo plagi mpya zitarudi kuwa nyeusi. Chukua ya nyuzi inayolingana na injini yako. Kabla ya kuifunga muulize fundi iliondolewa kwa sababu gani: kama rejeta imeziba au feni haizunguki, hayo yatengenezwe kwanza, vinginevyo itachemsha na utaambiwa tena uing'oe. Weka kulanti (maji maalum ya rejeta), usirudishe maji ya bomba.

Nozo ziache. Zikibaki dalili baada ya hayo yote ndipo tuzizungumze.

Binti wa Kimara

Nimeelewa. Jumamosi naenda Shaurimoyo kutafuta gasketi na themostati. Oili ya injini niibadilishe pia? Bado kilomita kama elfu mbili muda wake ufike.

Fundi Tegeta

Ibadilishe. Imeshachanganyika na petroli. Chomoa kipimo cha oili unuse, utaipata hiyo harufu.